Siafu na Dakika Kumi na Moja

Ofisini walimwita Siafu, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Hakuwa mkali wala hakumuuma mtu. Ni kutotulia tu. Kiti chake kilikuwa kimelika magurudumu upande mmoja kwa jinsi alivyojisukuma mbele na nyuma mchana kutwa, na penseli zake zote zilikuwa na alama za meno. Baba yake, fundi cherehani, alikuwa na maelezo yake ya siku nyingi: "Huyu alizaliwa wa miezi saba. Hata tumboni alichoka kusubiri."

Walikuwa watu saba kwenye ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabomba na masinki, wakiitunza programu ya foleni ya hospitali ya macho. Mgonjwa hakuhitaji kupakua kitu. Alifungua ukurasa kwenye simu yake, akaona yuko wa ngapi, na zamu yake ya kupasuliwa ilipofika akabonyeza kitufe cha kijani kuikubali. Asipokubali ndani ya siku tatu, nafasi ilikwenda kwa anayefuata. Na kitufe kile kilifunguka kwenye simu iliyosajiliwa tu, kwa sababu huko nyuma wajanja walikuwa wakishika nafasi za wazee na kuziuza. Sheria zote mbili aliziandika Siafu. Ile ya pili alijivunia mpaka akawahadithia watu harusini.

Kilichomtesa ni mjengo.

Waandishi wa programu huandika kwa lugha ya leo, yenye vifupisho vya leo, na simu mpya huielewa bila shida. Simu za zamani haziielewi hata kidogo. Basi kabla programu haijaenda kwa watu, mashine huipitia yote, mstari baada ya mstari, na kuitafsiri irudi kwenye lugha ya miaka kumi iliyopita, kisha huifunganya pamoja kama mzigo wa safari. Kazi hiyo yote ndiyo waliyoiita mjengo, na mjengo ulichukua dakika kumi na moja. Ukibadilisha rangi ya kitufe, kumi na moja. Ukisahau mabano, kumi na moja, kisha kosa, kisha kumi na moja nyingine.

Wenzake walizizoea, wengine walizipenda. Walichemsha chai, walikata kucha, walipiga simu kwa wachumba. Siafu alitembea. Kutoka mezani kwake hadi dirisha la mwisho wa ukumbi zilikuwa hatua thelathini na mbili, na thelathini na mbili kurudi. Dirishani aliwaona wabeba mabomba wa dukani wakipakia na kupakua, akawahusudu, maana wao wakiinua kitu kinainuka papo hapo.

"Dada Siafu," alisema jirani yake wa meza, "utatoboa sakafu, tuangukie masinki."

Huyo ndiye Kobe, mtunza mashine. Jina lilimkaa kama gamba. Alikuwa akiulizwa swali asubuhi, anajibu baada ya chai, na jibu linakuwa sahihi.

"Nikitoboa utakuwa umefika chini kabla ya lifti," alisema Siafu. "Kumi na moja mara ishirini kwa siku, Kobe. Piga hesabu. Maisha yangu yanaishia hapa ukumbini."

"Nikipiga hesabu utasema nimechelewa."

Msumarini kando ya mlango palitundikwa kofia ya majani yenye ukingo uliochakaa. Yeyote aliyepeleka toleo jipya kwa watu aliivaa, na mradi iko kichwani mwake hakuna mwingine aliyegusa chochote. Mwenye kofia hakutoka nje ya jengo mpaka ahakikishe toleo limesimama. Utaratibu ulianza siku watu wawili walipopeleka matoleo mawili kwa pamoja, hospitali nzima ikawa na foleni mbili. Tangu hapo kofia ilikuwa kofia. Hata bosi alisubiri ivuliwe kabla ya kutoa amri.

Ijumaa moja Siafu alifungua takwimu za wageni wa ukurasa. Aliangalia ni simu za aina gani zilizoingia miezi miwili iliyopita. Simu za zamani: sifuri. Akaangalia tena, maana sifuri ni namba ya kutiliwa shaka. Sifuri. Kama hakuna hata mmoja mwenye simu ya zamani, kwa nini mashine itafsiri kwa ajili ya mtu asiyekuwepo? Alizima tafsiri na kuanzisha mjengo. Alikuwa bado hajamaliza safari yake ya tatu ya dirishani mashine ilipolia kuwa imemaliza. Dakika moja na sekunde hamsini.

Jumatatu asubuhi alivaa kofia, akapeleka. Watu wa ofisini walisimama nyuma yake kutazama saa, na mjengo ulipokwisha bosi, mtu wa chupa kubwa ya maji na maneno machache, alimgonga begani kwa chupa.

"Tubakishe toleo la zamani?" aliuliza Kobe.

"La nini? Linajaza diski tu. Futa."

Kobe alifikiri kwanza. Akafuta.

Jioni ile ile baba yake alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na kiburi kidogo, kama siku alizokuwa akimaliza suti ya bwana harusi.

"Ujumbe umeingia, mama. Zamu yangu imefika. Nikubali kabla ya Alhamisi saa sita mchana."

Siafu alisimama katikati ya chumba chake, sufuria mkononi. Miezi kumi na minne walikuwa wanaingoja sentensi hiyo. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa bado anashona, lakini kila asubuhi wifi yake Siafu, mke wa kaka mkubwa aliyekaa naye nyumba moja, alimtungia nyuzi kwenye sindano kumi na mbili za rangi mbalimbali na kuzichomeka kwenye pazia kwa mpangilio ambao mzee alikuwa ameukariri kichwani: nyeupe mbili, nyeusi tatu, buluu ya sare za shule, na kadhalika. Zikiisha, siku imeisha. Siku moja wifi alichanganya mpangilio, na mtoto wa watu akaenda shule na kaptura iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Mzee hakula siku hiyo.

"Bonyeza sasa hivi, baba."

"Nitabonyeza. Usinifundishe."

"Kitufe cha kijani, chini."

"Nimekaa na rangi kabla mama yako hajakuzaa."

Jumanne alimuuliza tena. "Muda upo," alisema mzee, na akageuza mazungumzo kwenye bei ya vifungo. Siku hiyo hiyo dada wa mapokezi wa hospitali aliandika ofisini kwamba wagonjwa wengi hawajakubali zamu zao wiki hii, kulikoni. Bosi alijibu kuwa watu wanaogopa kisu. Siafu aliusoma ujumbe huo, ukampita kama gari la mtu mwingine. Jumatano mzee hakupokea simu. Siafu alipiga mara sita. Usiku hakulala vizuri, aligeuka mpaka shuka likamtoka chini.

Alhamisi, saa tano na dakika thelathini na mbili, wifi yake alipiga.

"Wifi, samahani, najua uko kazini. Huyu mzee hajafungua cherehani tangu juzi. Amekaa kitandani anatazama ukuta."

"Anaumwa?"

"Anasema macho yamekwisha. Ameniambia leo tu, tena kwa kumbana. Tangu Jumatatu akifungua ule ukurasa wenu anaona weupe mtupu. Akasema basi, ndiyo giza lenyewe limefika, kumbe lina rangi nyeupe. Hakutaka tukwambie."

"Na wewe ukiangalia simu yake unaona nini?"

"Weupe. Nimemwambia, baba hata mimi naona weupe, anasema namfariji. Nikifungua kwangu unafunguka vizuri, lakini hakuna kitufe, si uliniambia kitufe ni kwenye simu yake?"

Simu ya mzee ilikuwa ile ya marehemu mkewe, imefungwa kwa mpira upande uliovunjika na kuvikwa kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe. Siafu alikwisha kumnunulia mpya. Mzee alisema inateleza kama sabuni, akampa mkwewe.

Siafu aliona kosa lake lote kwa mara moja, kama mtu anayewasha taa chumba alichokuwa akikipita gizani. Miezi miwili nyuma alikuwa ameandika upya kile kijiprogramu kinachohesabu wageni. Alikiandika kwa lugha ya leo, na kwa kuwa kilikuwa kidogo hakukipitisha kwenye mjengo. Simu za zamani hazikuweza kukisoma, kwa hiyo hazikuhesabiwa. Mhesabuji alipita nyumba kwa nyumba, na zile ambazo hakuweza kufungua milango yake akaandika kuwa hazina watu.

"Wifi, nitakupigia tena sasa hivi. Mwambie baba macho yake ni mazima. Yaani si mazima, lakini yako kama Jumapili. Mwambie ni mimi."

Alikuwa ameshasimama mezani kwa bosi.

"Takwimu zilisema sifuri," bosi alisema baada ya kumsikiliza.

"Takwimu ni zangu, bosi, na ni za uongo. Watu wenye simu za zamani wanaona ukurasa mweupe tangu Jumatatu. Waliopewa zamu Jumatatu wanafungiwa saa sita. Baba yangu mmojawapo."

"Wapigie hospitali wamwekee."

"Nimewapigia nikiwa nakuja hapa. Wamesema kila kitu kiko kwenye mfumo. Mfumo ndio sisi."

Majina ya wagonjwa na zamu zao yalikaa kwenye mashine za hospitali, na ufunguo wake hawakuwa nao. Wao walikuwa na mlango tu. Bosi aliangalia saa ya ukutani, akaangalia chupa yake. "Rudisha la zamani," alisema.

"Tulilifuta."

"Nani alifuta?"

Kobe aliinua mkono taratibu, na Siafu akaushusha. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Saa sita kasoro dakika kumi na nane. Mjengo wa zamani, wenye tafsiri, dakika kumi na moja. Siafu alichukua kofia msumarini, akaivaa kinyume, akaketi. Aliwasha tena tafsiri kwa vidole vilivyokuwa vikikimbizana, na kidole cha mwisho kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuanza.

"Subiri," alisema Kobe.

"Kobe, wallahi."

"Nisomee ulichobadilisha. Mstari kwa mstari. Ukikosea utarudia, na muda wa kurudia huna."

Alimsomea, miguu ikicheza chini ya meza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tano Kobe alisema, "Na yule mhesabuji?" Mhesabuji wa lugha ya leo alikuwa bado yumo, na tangu Jumatatu alikuwa ameunganishwa na ukurasa wenyewe. Angeangukia pua tena kwenye simu ya mzee, na kuuangusha ukurasa pamoja naye. Alimtoa. Saa sita kasoro kumi na nne alianzisha mjengo, akampigia wifi yake, akaenda ukumbini.

"Nipe baba."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi ya mzee.

"Mama."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wanasema ni wewe."

"Ni mimi."

"Umenipofusha siku tatu."

Hatua thelathini na mbili. Dirishani wabeba mabomba walikuwa wamekaa juu ya mzigo wakicheka. "Nisamehe, baba."

"Ulifanyaje hasa? Nieleze nielewe."

Alitafuta maneno. Alikumbuka sare zao za shule, zote na upindo mpana wa vidole vinne kwa ndani, unaofumuliwa kila mwaka jinsi miguu inavyorefuka. Sare moja ilimpeleka darasa la nne mpaka la saba, na mistari ya pindo za zamani ikionekana kama pete za mti.

"Nilikata upindo, baba. Nilidhani hakuna atakayeuhitaji."

"Ulikata ili iwe nini?"

"Iishe haraka."

"Ningekufukuza kazi," alisema mzee.

"Labda watanifukuza."

"Hapana, wasikufukuze. Nani atarekebisha kosa?" Kisha, kwa sauti ya chini, mbali na mkwewe: "Nilikaa nikasema, basi, uso wa mwisho niliouona vizuri ni wa muuza vifungo. Nikaona hapo Mungu kanionea."

Siafu alicheka. Alirudi hadi mlangoni kutazama mashine. Imefika robo. Hakuna alichoweza kufanya kuiongezea mwendo. Kuitazama kuliifanya ionekane imesimama. Kobe alikuwa amekaa mbele yake mikono mapajani, kama mtu anayelinda maziwa yasichemke yakamwagika.

"Bado?" aliuliza mzee.

"Bado, baba. Dakika nane."

"Ndizo hizo ulizozikimbia?"

"Ndizo."

"Hebu nihesabie sindano basi, muda upite. Huyu wifi yako ameweka nini kwenye pazia leo?"

"Hajaweka, hukufungua cherehani."

"Ataweka sasa. Mkwe, lete uzi."

Siafu alisikia droo ikifunguliwa, na wifi yake akinung'unika kuwa huyu mzee dakika moja anakufa, dakika ya pili anataka uzi wa buluu. Alitembea. Nusu. Robo tatu. Saa sita kasoro dakika nne, kisha kasoro tatu. Bosi alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake, hanywi.

"Tayari," alisema Kobe.

Siafu alikuwa ameshafika. Alipeleka. "Baba, fungua sasa. Funga ule wa zamani kwanza, ufungue upya."

"Ngoja nivue kifuko."

"Acha kifuko, baba."

"Kinaziba."

Saa ya ukutani ilikuwa ya bei rahisi, na mshale wake wa sekunde ulitetemeka kila unaporuka. Siafu alishika ukingo wa kofia kwa mkono wa bure, akaukunja mpaka majani yakalia.

"Si weupe," alisema mzee.

"Unaona nini?"

"Naona ukungu wangu wa siku zote, na ndani yake kitu cha kijani. Kijani kibaya, kama cha sare za walinzi. Ni wewe uliyechagua?"

"Bonyeza, baba."

"Nimeshabonyeza. Unadhani nilikuwa nakungoja wewe?"

Wifi yake alisoma kwa sauti, akitamka kila neno kama hati ya mirathi: zamu yako imekubaliwa, fika Jumanne saa mbili asubuhi, usile kitu. Siafu aliketi sakafuni mlangoni, kofia kichwani, na watu wakamruka kupita.

Si wote waliowahi. Watu sita waliopewa zamu Jumatatu walikuwa wamekwisha kuukatia tamaa ukurasa mweupe, na saa sita ilipopiga nafasi zao zikaenda. Bosi alikubali kosa kwa hospitali, nao wakapewa zamu za mwezi uliofuata, lakini Siafu aliomba awapigie yeye mwenyewe, mmoja mmoja. Bibi mmoja alimwambia, bila hasira, "Nilidhani mmenifuta." Sentensi hiyo alitembea nayo ukumbini siku nyingi.

Hakuachana na dakika kumi na moja. Kwa wiki tano alizitafuna upya, safari hii na Kobe pembeni akisoma mstari kwa mstari. Vipande vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo havibadiliki, walivitafsiri mara moja na kuvihifadhi, na mashine ikabaki kutafsiri kile tu kilichoguswa siku hiyo. Walijenga nakala mbili, moja ya simu mpya na moja ya zamani, na kila simu ikapewa inayoielewa. Kuhesabu wageni wakakuhamishia mlangoni kwenye seva, ambako kila anayebisha huhesabiwa hata kama hajui kusoma. Katika kila wageni mia, kumi na tisa walikuja na simu za zamani. Mjengo ukawa dakika tatu na nusu. Kobe alileta kutoka kwao simu ya zamani iliyovimba mgongo, wakaifunga kwa kamba chini ya msumari wa kofia, na hadi leo kofia hairudi msumarini mpaka ukurasa ufunguke kwenye simu hiyo.

Siku ya kufunguliwa bandeji jicho la kwanza, Siafu alikuwa wodini tangu asubuhi. Aliweka sawa pazia, akaweka sawa glasi, akaenda kumuuliza nesi, akarudi, akaenda tena. Nesi alipomaliza kufungua, mzee alipepesa, akatazama mikono yake mwenyewe kwanza, mbele na nyuma, kisha kitambaa cha shuka, akakisugua kati ya vidole na kukunja pua.

"Mshono wa ovyo," alisema.

"Baba, unaniona?"

"Naona kitu kinapita." Alinyoosha mkono, akamshika kitambaa cha gauni alipokuwa anageuka tena kuelekea mlangoni. "Una mvi, kumbe. Hebu tulia nikuone."

Siafu akaketi ukingoni mwa kitanda. Mguu wake mmoja ulianza kucheza, akaushika kwa mikono miwili.